KAONDOKA, KARUDI: Siri za nyuma ya kamera na maswali ya ndani kwetu

Mei 31, 2025 mashabiki wa Doctor Who, tamthilia kongwe ya sayansi ya kubuni ya Waingereza, walibaki midomo wazi. Ncuti Gatwa, kijana aliyezaliwa Rwanda, alifunikwa na mwanga wa dhahabu, na mwanga ulipoisha hakuwa yeye tena. Sura iliyobaki ni ya Billie Piper, dada aliyekuwa ameiaga tamthilia hiyo hiyo mwaka 2006. Mmoja kaondoka, mwingine karudi, tena ndani ya dakika moja!

Kwa usiyeijua, ngoja nikupe kidogo. Daktari ni msafiri wa anga na wa nyakati, anatembelea kibanda cha polisi cha bluu ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje. Akifikia kufa, hafi. Mwili wake unageuka, anakuja mtu mwingine mwenye sura nyingine na tabia nyingine, lakini ni yule yule. Mume wangu ni mgonjwa wa tamthilia hizi, na mimi nimeambukizwa. Ila yeye anaangalia maroboti na vyombo vya anga, mimi naangalia jambo jingine kabisa: hivi huyu msanii kwa nini kaondoka? Na aliyeondoka kwa hasira, nani kamrudisha?

Si umbea tu, mpenzi msomaji. Kwetu nyumbani swali hilo limekaa mezani na kula nasi.

Mwenzangu ni Mha wa Kasulu, mhandisi wa maji. Mwaka 2016, tukiwa bado tunanukia harusi, alikwenda Kibondo kufanya kazi kambi ya Nduta. Kambi ile ilifungwa mwaka 2008, wakimbizi wa Burundi wakarudi kwao. Oktoba 2015 ikafunguliwa tena, maana Burundi kulichafuka na Nyarugusu kule Kasulu kulikuwa kumefurika. Mikataba ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, kama misimu ya tamthilia. Kila ikifika Novemba tunashika roho: je, kuna msimu mwingine? Mwaka 2019 akaacha kazi, akarudi Dar. Ndugu waliambiwa mkataba umeisha. Sasa mwaka huu simu ikalia tena. Kuna mradi wa maji Kasulu, anatakiwa yeye, mwaka mzima.

Tukaanza kuvutana. Na katika kuvutana huko, hawa wasanii wa mbali wakatusaidia kuliko washauri wengi wa ndoa ninaowahariri humu kila mwezi.

Mwili ukisema basi

Ujanja wa Daktari kugeuka mtu mwingine haukuzaliwa na utaalamu wa kuandika. Ulizaliwa na ugonjwa. Tamthilia ilianza Novemba 1963, Daktari wa kwanza akiwa mzee William Hartnell. Ilipofika 1966 afya yake ilikuwa imeyumba, maneno ya mchezo hayakai tena kichwani. Wakubwa hawakutaka kuua tamthilia iliyokuwa ikipendwa, wakabuni kwamba Daktari anaweza kugeuka. Hivyo umaarufu wote wa miaka sitini umetokana na mtu mmoja kuchoka, na wenzake kukubali kuwa amechoka.

Gatwa naye, baada ya misimu miwili, alieleza bila kuzunguka kwamba kazi ile ni tamu lakini inakula mwili, moyo na akili, na mwili wake ulikuwa umechoka. Kumbuka huyu ni mtoto aliyezaliwa 1992, akavushwa mpaka na wazazi wake wakikimbia mauaji ya kimbari ya 1994, akakulia Scotland. Sisi tulio na ndugu Kasulu na Kibondo, tukisikia habari ya mtoto aliyebebwa mgongoni kuvuka mpaka, hatuhitaji kuchorewa picha. Mtu mwenye historia ile anapata kazi inayotamaniwa na kila msanii wa Uingereza, halafu anasema inatosha. Kuna waliomshangaa. Mimi nilimwelewa, maana nilishaona mtu akirudi kutoka Kibondo na vumbi jekundu kwenye mabegi, analala siku mbili, siku ya tatu anakaa kitandani anaangalia ukuta tu. Kule, pampu ikiharibika saa nane usiku, kuna maelfu ya watu wataamka na ndoo tupu. Huwezi kuzima simu.

Bosi na wewe hamuivi

Sababu hii ndiyo inayofichwa kuliko zote. Christopher Eccleston aliifufua Doctor Who mwaka 2005, baada ya kulala miaka mingi, kisha akaondoka baada ya msimu mmoja tu. BBC ikatangaza kwamba anaogopa kunasa kwenye uhusika mmoja. Siku chache baadaye BBC hao hao wakakiri kwamba maneno yale hakuyasema yeye. Miaka ikapita ndipo akafunguka mwenyewe: uhusiano wake na wakubwa wa kazi ulivunjika mapema kabisa, na imani haikurudi tena.

Upande wa Marekani, Gates McFadden, yule daktari wa chombo cha anga katika Star Trek: The Next Generation, alitolewa mwaka 1988 baada ya msimu wa kwanza. Alikuwa haelewani na mkuu wa waandishi. Mkuu yule alipoondoka, mama akaitwa, na mwaka 1989 akarudi kazini kwake na kukaa mpaka mwisho.

Nilipomsimulia mwenzangu hili, alinyamaza kwanza. Halafu akasema, "Mke wangu, wewe unadhani mimi niliacha Kibondo kwa sababu ya mkataba?" Nikamwambia nilijua siku nyingi kwamba si mkataba. Mkataba mpya ulikuwepo mezani. Tatizo lilikuwa mkubwa wake wa kazi, mtu wa kumfokea mbele ya vijana wake wa mabomba, na ripoti ambazo jina la mwenzangu lilikuwa likifutwa kabla hazijafika juu. Miaka yote hiyo ndugu wanapewa sababu ya BBC, sababu halisi iko chumbani kwetu.

Basi swali letu la kwanza likajileta lenyewe: je, bosi yule bado yupo?

Maslahi, tena maslahi

Tusidanganyane, fedha inaondoa watu. Sisi tuliokua na michezo ya Kaole pale ITV tuliona kina Steven Kanumba na Vincent Kigosi wakihama kutoka runinga kwenda kwenye filamu, wakawa majina makubwa ya Bongo Movie. Mhusika uliyemzoea jioni haonekani tena, na siku moja unaona sura yake kwenye jalada la mkanda dukani Kariakoo.

Kwenye The X-Files, David Duchovny aliwafungulia kesi waajiri wake, Fox, mwaka 1999 kuhusu mapato ya marudio ya tamthilia. Walipopatana akapunguza kuonekana, kisha akaondoka, akarudi kufunga hadithi mwaka 2002. Mwenzake Gillian Anderson alipigania miaka mingi alipwe sawa na yeye. Halafu tamthilia iliporudishwa mwaka 2016, kwa maelezo yake mwenyewe, kwanza alitajiwa nusu ya fedha za mwanaume! Dada zangu mnaosoma hapa ofisini wakati wa chai, najua mmeguna.

Ila Duchovny huyo huyo ana kisa kingine kinachonigusa zaidi. The X-Files ilikuwa ikipigwa Vancouver, Kanada, kwenye mvua na misitu yake. Yeye alikuwa ameoa mwaka 1997, mke yuko Los Angeles. Akabana mpaka mwaka uliofuata kazi nzima, kamera, mafundi na vyote, ikahamia Los Angeles ili awe karibu na mkewe. Nilipolisoma hilo nilimwangalia mume wangu nikacheka. Sisi nani atatuhamishia Kasulu ije Tabata? Wengi wetu hatuna nguvu hiyo. Kazi haihami, tunahama sisi, au hahami mtu na simu inabaki kufanya kazi ya mume.

Na mnajua wenyewe, ndoa ya Duchovny nayo ilikuja kuvunjika. Kuwa karibu pekee hakutoshi. Lakini kuwa mbali pekee nako si dawa ya kitu chochote.

Siri anayobeba mwenzio

Kisa cha nne ndicho kilichonitoa machozi. Babylon 5 ilipoanza msimu wake wa kwanza mwaka 1994, mkuu wa kituo kile cha anga alikuwa Michael O'Hare. Msimu ukaisha, naye akatoweka. Mashabiki wakasema mengi: kafukuzwa, hajui kuigiza, kagombana na watu. Kumbe alikuwa akiugua ugonjwa wa akili, akianza kuamini na kuona mambo yasiyokuwepo. Mtunzi wa tamthilia, J. Michael Straczynski, alijitolea kusimamisha kazi yote miezi kadhaa ili mwenzake atibiwe. O'Hare akakataa. Aliona wenzake watakosa mshahara kwa sababu yake. Akajikaza akamaliza msimu, akaenda kutibiwa, na mwaka 1996 akarudi kwa muda mfupi kufunga hadithi ya mhusika wake.

Straczynski aliitunza siri ile. Alimwambia O'Hare ataificha hadi kaburini, naye O'Hare akamjibu aifiche hadi kaburi lake yeye O'Hare, baadaye awaambie watu ili wengine wenye shida hiyo wajue hawako peke yao. O'Hare alifariki mwaka 2012. Mwaka uliofuata ndipo Straczynski akasema, baada ya karibu miaka ishirini ya kuwaacha watu waseme walichotaka.

Wapenzi, mwenza wa kweli ndiye huyo. Anajua sababu yako halisi, na ukumbini anakaa kimya watu wanapokusema. Mama mkwe wangu kule Kasulu, kwenye maongezi ya kushambua maharage, aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, hivi huyu mwenzio alifukuzwa?" Nikamjibu, "Hapana mama, alichoka." Akapiga makofi taratibu kama Waha wanavyofanya wakisalimiana, akasema, "Basi kama alichoka apumzike. Aliyechoka hurudi." Hakuuliza tena.

Kurudi kuna adabu yake

Kuna wanaorudi vizuri na kuna wanaokatiza daraja. Colin Baker alifukuzwa kwenye Doctor Who mwaka 1986, akaombwa arudi kwa hadithi moja tu ili amkabidhi mrithi wake. Akakataa, na ukiuliza moyo wangu, sikumlaumu. Matokeo yake mwaka 1987 mrithi, Sylvester McCoy, alilazwa chini kavalishwa wigi la nywele za mwenzake, watu wakaaga wigi! Lakini Baker huyo huyo, tangu 1999, alirudi kuwa Daktari kwenye michezo ya kusikiliza, ile ya sauti tupu, na huko akapendwa upya. Hata Eccleston mwenye machungu yake alirudi kwa sauti mwaka 2021. Sisi tuliolelewa na Twende na Wakati ya redio tunajua nguvu ya sauti bila sura. Mlango mkubwa ukifungwa, dirisha huenda likawa wazi.

Na David Tennant aliyeaga mwaka 2010 alirudi 2013, kisha 2023 akaja na hadithi tatu tu za kuadhimisha miaka sitini. Hizo tatu, kwaheri. Hakurudi kuishi, alirudi kwa kazi yenye mwanzo na mwisho.

Hapo ndipo tulipochota maswali yetu. Tuliyaandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, nayo ni haya: Kilichokuondoa bado kipo? Unarudi kwa sababu unaitaka kazi au kwa sababu unataka kuwaonyesha kitu? Ni hadithi tatu au ni msimu usio na mwisho? Na mimi nitakuwa wapi kwenye picha?

Mume wangu alipiga simu kwanza kuulizia la kwanza. Yule mkubwa wa zamani hayupo, mradi huu ni wa watu wengine kabisa. La pili alilijibu jioni mbili baadaye, tukiwa tunatembea: anaitaka kazi, maana ni maji ya kijiji alichochotea ndoo akiwa mtoto. La tatu nililisimamia mimi: miezi kumi na miwili, tarehe iandikwe, hakuna "tutaona huko mbele." La nne ndilo lililotuchukua usiku mzima. Tukakubaliana kwamba likizo zote za shule watoto na mimi tunapanda basi kwenda Kasulu, na kila baada ya wiki nane yeye anashuka Dar, hata kama pampu ya dunia nzima imeharibika.

Aliondoka Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wahenga walitamka tu, sisi tumeandika na tarehe.

Kama na wewe una mtu anayefungasha begi wiki hii, au anayelifungua, kabla hujamuuliza anarudi lini, muulize ile sababu halisi. Halafu itunze.