Kuchagua Kipimajoto cha Kupikia Pombe

Huku kwetu Kivu ya Kaskazini hakuna asiyekijua kipimajoto. Tangu ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, hata ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, wasafiri walisimamishwa vizuizini, wakanawa mikono, wakaelekezewa kwenye paji la uso kile kidude chenye umbo la bastola. Namba ilitokea, nasi tukapita. Basi watu wengi wakazoea kufikiri hivi: namba ikiisha kutokea kwenye kioo, neno limekwisha.

Leo nataka kuwaambia kwamba neno halijaisha. Namba haiwi kweli kwa sababu imeandikwa tu. Jambo hilo nalijua hasa kwa kazi ya kupika pombe.

Mimi ni katekista wa Omate, upande wetu huu wa Masisi na Walikale, mahali panapojulikana kwa dhahabu. Lakini si kila nyumba inaishi kwa dhahabu. Nyumbani kwangu tunalima, na mke wangu hupika pombe ya mtama, nami humsaidia. Faida yake ndogo ndiyo inayomlipia binti yetu ada ya sekondari. Mapipa mawili yakiharibika mfululizo, mtoto anarudishwa nyumbani. Kwa hiyo sisi kupika pombe si mchezo.

Shabaha ya joto ni nini? Mtama ulioloweshwa ukaota, yaani kimea, una nguvu ndani yake ya kugeuza unga kuwa sukari. Nguvu hiyo hufanya kazi vizuri katika joto la nyuzi 60 mpaka 70 hivi. Ukipita nyuzi 80 imekufa, wala uji wako hautakuwa mtamu hata ukingoja mpaka kesho. Halafu chachu inakula ile sukari na kuigeuza kileo. Lakini chachu nayo ni kitu chenye uhai: ipe uji uliopoa mpaka nyuzi 30 au chini yake. Ukiitia katika uji wa nyuzi 60, umeichemsha.

Wazee wetu waliyajua haya bila namba. Mama mmoja mzee wa hapa, mpishi hodari, huchovya kidole upesi na kusema, “Sasa.” Siku moja nilipima nyuma yake, tena mara tatu, na kila mara ilikuwa kati ya 64 na 67. Akaniambia, “Mwalimu, kidole changu hakina betri, wala hakijazimika hata siku moja.” Nikamjibu, “Kweli, mama. Lakini kidole hicho utamwachia nani?” Alinyamaza, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa akikoroga. Hapo ndipo ilipo faida ya kipimajoto: ujuzi wa mkono unakuwa namba, na namba yaweza kuachwa urithi.

Lakini ole wake anayeachiwa namba ya uongo. Basi tuone jinsi ya kuchagua.

Kwanza, kila kazi ina kipimajoto chake. Kile cha homa cha zahanati husoma kutoka nyuzi 32 mpaka 42 tu, hakiwezi kitu ndani ya chungu cha uji wa moto. Ile bastola ya wakati wa Ebola inaona ngozi ya juu tu. Ikielekezwa kwenye chungu itasoma povu na mvuke, wala haitajua kilichomo katikati. Kile cha kioo chenye zebaki kisikaribie chakula kamwe. Wachimba dhahabu wanaijua zebaki, nayo ni sumu. Kioo kikivunjika, chungu kizima kimwagwe mbali. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza vipimajoto vya namna hiyo. Tafuta basi cha dijitali chenye kijiti cha chuma kisichoshika kutu, kinachosoma kutoka chini ya sifuri mpaka zaidi ya 100.

Pili, usidanganywe na nukta. Mwuzaji atakuonyesha 65.3 na kusema, “Tazama, kinajua hata sehemu ya kumi!” Mwamba ngoma huivutia kwake. Fungua karatasi iliyomo katika boksi, utafute alama ya kujumlisha iliyokaa juu ya alama ya kutoa. Ukikuta ± 1, maana yake ni kwamba 65.3 yaweza kuwa 64.3 au 66.3. Ile tatu baada ya nukta ni pambo tu. Chenye ± 0.5 ni bora. Kisicho na karatasi wala alama hakikuahidi kitu chochote.

Tatu, kijaribu. Barafu huku kwetu ni shida, lakini Goma wauza vinywaji baridi wanayo. Basi jaribu huko kabla ya kulipa. Jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji safi kidogo, koroga, tia kijiti katikati kisiguse ukingo, ngoja mpaka namba itulie. Lazima kiseme sifuri, au karibu sana na sifuri.

Kisha maji yanayochemka. Hapa wengi hupotea. Shuleni tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Ni kweli kule pwani, kwenye usawa wa bahari. Lakini mlimani hewa ni nyepesi, na maji huchemka mapema: kila ukipanda mita 300, yapata uzi mmoja unapungua. Goma iko juu kiasi cha mita 1,500, kwa hiyo maji yake huchemka kwenye 95 hivi. Ndiyo sababu maharagwe hukawia kuiva katika milima ya Masisi kuliko kule Kisangani. Nilimwona kijana mmoja sokoni akirudisha kipimajoto kwa hasira kwa kuwa kilisema 95 katika maji yanayotokota. Kumbe kilikuwa kimesema kweli! Akachukua kingine kilichosema 100, akaenda zake amefurahi. Huyo alinunua uongo wa nyuzi tano kwa fedha yake mwenyewe.

Nne, na hili ndilo kubwa: kosa lisilobadilika si adui. Kipimajoto kikisema 2 katika barafu, na 97 katika maji yanayochemka pale Goma, kinazidisha 2 kila mahali. Kiandike ubavuni “toa 2”, nacho kitakutumikia. Lakini kinachosema 1 leo na 4 kesho katika barafu ile ile kitupe. Jirani anayechelewa nusu saa kila siku unaweza kupatana naye. Anayekuja saa yoyote apendayo huwezi kupanga naye kazi.

Tano, tazama mambo ya kijijini. Pale waya unapoingia katika chuma pasipite maji, maana maji yakiingia namba hurukaruka. Betri iwe ya namna inayouzwa hapa. Barabara zikifungwa kwa vita, betri ngeni huipati. Tena tazama herufi: C ni ya Celsius, F ni ya Fahrenheit. Uji wa nyuzi 65 kwa C huandikwa 149 kwa F, na kitufe kidogo hubadilika mkononi mwa mtoto bila mtu kujua.

Msidhani hii ni kazi ya watu wadogo. James Joule, aliyezaliwa mwaka 1818 huko Salford, Uingereza, alikuwa mwana wa mwenye kiwanda cha pombe. Mtu huyo alipima jinsi maji yanavyopata joto yakikorogwa, na tofauti alizozitafuta zilikuwa ndogo kuliko uzi mmoja. Wataalamu walisita kumwamini. Alishinda kwa sababu vipimajoto vyake vilikuwa vizuri, naye alivijua.

Sisemi haya ili watu wanywe zaidi. Ulevi tunaujua, na machozi yake tunayajua. Nasema kwa ajili ya mama anayetegemea pipa moja. Na kwa wale wa Masisi wanaotengeneza jibini, kipimajoto hicho hicho kitalinda maziwa: nyuzi 63 kwa nusu saa huua vijidudu vya magonjwa.

Kama bei inawashinda, nyumba mbili au tatu zinunue kimoja. Kijaribuni pamoja mbele ya macho yenu wote, mwandike kosa lake ubavuni, na kila miezi michache mkijaribu tena katika maji yanayochemka, pale pale mahali penu. Ikiwa namba ni ile ile ya siku ya kwanza, pikeni bila hofu.