Nyuzi za Breki

Gitaa la kwanza alilolishika mwandishi wa makala haya, utotoni kule Yahuma nchini Kongo, lilikuwa kopo la mafuta lililopigiliwa ubao na kufungwa mshipi wa kuvulia samaki. Lililia vizuri tu. Hakujua kwamba Franco mwenyewe, mpiga gitaa maarufu wa Kongo, kabla ya kurekodi katika studio ya Loningisa mwaka 1953 na kuanzisha bendi ya OK Jazz mwaka 1956, alijifunzia kopo kama hilo, lake likiwa na nyaya za umeme zilizochunwa.

Mambo yalibadilika gitaa la umeme lilipofika kanisani pamoja na jenereta. Uzi mmoja ulikatika, vijana wakaweka mshipi. Kimya! Wakaongeza sauti ya amplifaya, ikanguruma bure.

Gitaa la aina hiyo husikia chuma. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo huzaliwa ndani ya ule waya, na amplifaya huukuza. Mshipi ni plastiki, kwa sumaku ni sawa na hewa. Dawa ilipatikana kwenye baiskeli: waya wa breki ulifumuliwa, ukachomolewa unywele mmoja wa chuma. Ulikata vidole na kushika kutu upesi, lakini ibada iliendelea.

Baadaye ndipo alipopata habari za Misoko Nzalayala, anayejulikana zaidi kwa jina la Socklo, fundi wa Kinshasa aliyeunda magitaa ya umeme nyumbani kwake kwa mbao za Kongo na vyuma vya kuokoteza. Wanamuziki wasioweza kununua magitaa ya Kimarekani ya Gibson wala Fender walimwendea yeye. Tena Fender yenyewe haikuanza kwa makuu: mwaka 1950 Leo Fender, fundi redio wa California, alianza kuuza gitaa la ubao mtupu, shingo yake imekazwa kwa skrubu kama mguu wa meza. Seremala yeyote wa Kisangani angelielewa.

Mbao nazo hazikosekani. Wenge, mti mweusi mgumu wa misitu ya Kongo ulioipa jina bendi ya Wenge Musica, ndio uliotumiwa kwa miaka mingi kuchongea shingo za magitaa ya besi ya Warwick, kiwanda cha Ujerumani kilichoanzishwa mwaka 1982. Besi moja ya Warwick yenye shingo hiyo, mpiga besi wa kanisa la kijijini hawezi kuinunua.