Meno ya Ndezi

Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Kongolo, nchini Kongo, na kwa muda mrefu somo langu lilikuwa ramani tu: mipaka, mito, miji. Chini ya ramani sikuwa na la kusema. Aliyenigeuza ni mnyama mdogo aitwaye Kahawamus mbeyaensis.

Mwaka 2009 mtafiti Nancy Stevens na wenzake walimtangaza kuwa jenasi mpya ya wagugunaji, kutokana na masalia yaliyopatikana katika miamba ya Nsungwe, katika bonde la Rukwa, mkoani Mbeya, Tanzania. Aliishi miaka milioni 25 hivi iliyopita. Wagugunaji wa kale hutambuliwa zaidi kwa meno, maana jino hudumu kuliko mfupa, na mikunjo yake huonyesha mnyama ni wa ukoo gani. Huyu alikuwa wa ukoo wa ndezi. Ndezi! Nyama ile ile tunayonunua sokoni ikiwa imekaushwa kwa moshi.

Sasa pima mwenyewe. Watu wa Kalemie, kwenye ufuo wetu wa Ziwa Tanganyika, wakisema ng'ambo, wanasema Tanzania. Tumezoea kwamba ziwa ndilo linalotutenga. Lakini ziwa hilo linakadiriwa kuwa na miaka milioni 9 hadi 12. Kahawamus alipokuwa akiguguna, hapakuwa na ziwa la kuvuka. Ufa wa ardhi ndio kwanza ulikuwa unaanza kufunguka. Wala mto Lukuga haukuwa na maji ya ziwa ya kuupelekea mto Lualaba, maji haya yanayopita chini ya daraja letu. Usiku niliposoma hayo usingizi ulinipaa, na malaria sikuwa nayo.

Tangu hapo somo langu huanza na fuvu la ndezi. Wanafunzi huhesabu: magego manne kila upande, juu na chini, na mifereji mitatu kwenye kila jino la mbele la juu. Ramani inafuata baadaye.

Mzee mmoja wa kanisa alinisimamisha baada ya ibada. "Mwalimu, na kitabu cha Mwanzo je?"

"Papa, Mungu hana haraka."

Alicheka, ila hakukubali, na mabishano yetu yanaendelea.

Shida iliyobaki ni vichwa vya ndezi. Mama anayeuza nyama alikuwa akinipa bure, mpaka alipoona wanafunzi wanavyovigombania. "Kama kichwa kinafundisha," akasema, "basi kilipwe kama mwalimu." Kwa kuwa mshahara wa mwalimu naujua, nilikubali upesi.