Bei ya Sarafu

Nikisimama dukani kwa Mangi siku hizi, macho yangu huenda kwenye zile pakiti ndogo zinazoning'inia kama shanga mbele ya rafu: sabuni ya unga, kahawa, maziwa ya unga, shampuu. Bei zake ni za sarafu. Lakini ukizijumlisha mpaka zifikie uzito wa boksi kubwa, mara nyingi utakuta umelipa zaidi ya yule aliyenunua boksi. Mwenye kidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila gramu, na jambo hili halijaacha kunisumbua.

Jioni moja nilimkuta jirani yangu, mama mtu mzima, ananunua mafuta ya kupima. Mangi aliinamisha dumu, akajaza kikopo, akayamimina mafuta taratibu kwenye chupa ya soda aliyokuja nayo mama, kisha akakiacha kikopo kichuruzike mpaka tone la mwisho. Nikamuuliza kwa nini asinunue lita nzima. "Nikinunua lita, mwanangu, nauli ya mtoto kesho nitaitoa wapi?" akasema. "Halafu chupa ikiwa imejaa, mkono unakuwa mwepesi."

Maneno hayo nimeyageuza mara nyingi. Hesabu anaijua, tena anapiga mbili kwa pamoja: ya mafuta na ya kesho. Mimi nilikuwa naiona moja. Na sisi wenye mshahara, je, tunapiga hesabu? Mwaka 2003 watafiti Eric Anderson na Duncan Simester walichapisha majaribio yao ya bei katika katalogi za nguo za kike nchini Marekani. Nguo iliyouzwa dola 39 ilipata wanunuzi wengi kuliko ilipowekwa dola 34 au 44. Yaani bei ya chini zaidi ilishindwa na bei inayoishia na tisa. Wanunuzi hao hawakuwa wakitafuta nauli ya kesho.

Kwa hiyo siwezi kuilaani pakiti ndogo moja kwa moja. Huko India, shampuu ya pakiti ndogo iliwafikia tangu miaka ya 1980 watu ambao chupa haikuwahi kuwafikia, na C. K. Prahalad, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu biashara na watu wa kipato cha chini, aliona humo heshima ya kumtambua maskini kuwa ni mteja. Namwelewa. Ila mlango ule ule ulioipitisha shampuu uliipitisha na pombe. Viroba, yaani pakiti ndogo za pombe kali, viliuzwa kwa bei ya sarafu, vikaenea mifukoni, kwenye vituo vya bodaboda, hata kwa watoto wa shule, mpaka Serikali ya Tanzania ikavipiga marufuku Machi 2017. Udogo wa bei haukujali ndani kuna nini. Labda ndiyo sababu bado nasitasita kati ya sifa na lawama, na sidhani kama nitafika upande mmoja hivi karibuni.

Kinachoniuma zaidi ni ukimya. Pakiti ikipungua gramu chache huku bei ikibaki ile ile, hakuna anayemwambia mama. Uzito umeandikwa nyuma, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 1998 agizo la kuwataka wauzaji waonyeshe pia bei ya kilo au ya lita, ili mnunuzi alinganishe. Dukani kwa Mangi hilo ni gumu, maana bei hubadilika na kalamu ni moja. Kiwandani si gumu. Wenye viwanda, tafadhali, andikeni uzito mbele ya pakiti, kwa herufi kubwa kama za jina la bidhaa, na mkiupunguza, semeni hapo hapo mbele. Mama atapiga hesabu yake mwenyewe.