Jumapili Iliyogeuzwa Jumamosi

Tunapohamishia vitabu vya zamani vya ubatizo kwenye kompyuta, tujihadhari tusimsahihishe padre aliyekwisha kulala katika Bwana. Kitabu kikisema mtoto alibatizwa Jumapili, tarehe 7 Januari 1900, Excel itadai ilikuwa Jumamosi. Padre ndiye mkweli. Excel huuhesabu mwaka 1900 kuwa mwaka mrefu na kuupa tarehe 29 Februari isiyokuwapo. Kosa hilo lilirithiwa kwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, ili majedwali ya programu hizo mbili yapatane. Na Papa Gregori XIII alikwisha kuagiza tangu 1582 kwamba mwaka unaoishia kwa 00, usipogawanyika kwa 400, uwe na siku 365!

Tarehe za kabla ya 1900 Excel haizitambui kabisa. Makro ya VBA, ikipewa siku, mwezi na mwaka katika visanduku vitatu tofauti, hutaja siku ya juma ipasavyo, hata ya mwaka 1868, Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo. Ila Jumapili huiita 1 na Jumatatu 2. Nasi tunaohesabu kuanzia Jumamosi tumwonye karani mapema, asije akaandika Jumapili penye 2.