Mnong'ono ndani ya tone la damu

Mwezi uliopita nilitumwa Bagamoyo kufuatilia habari ya malaria. Kuanzia Mwenge, Tegeta, mpaka Bunju, kichwani nilikuwa na mpwa wangu tu. Mtoto alipata homa, akapimwa zahanati moja, wakasema hana kitu. Siku ya tatu akapimwa tena: malaria. Vimelea vikiwa vichache, tone la damu chini ya hadubini linaweza lisioneshe hata kimoja.

Bagamoyo inaijua vita hii. Ni pale, Mei 2009, walipochanjwa watoto wa kwanza katika jaribio kubwa la mwisho la chanjo ya RTS,S, lililofikisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Lakini chanjo haijaondoa kazi ya kupima.

Basi niliporudi Dar nikaanza kusoma, nikakutana na jambo tamu. Kimelea kinapokula himoglobini huacha taka, vijiwe vyenye chuma viitwavyo himozoini. Chuma hicho kina elektroni zisizo na mwenza, na kila moja ni sumaku ndogo. Mwaka 1944, kule Kazan, Yevgeny Zavoisky alipata njia ya kuzisikia elektroni za namna hiyo: weka sampuli ndani ya sumaku kubwa, ipigie mawimbi ya maikrowevu. Sumaku ikifikia nguvu inayolingana na mawimbi, elektroni huyanywa, na mashine huona yamepungua.

Kwenye damu kuna kikwazo. Damu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji nayo hunywa maikrowevu. Ndiyo maana wali wa jana unapata moto jikoni. Tena tone ni dogo, wakati kasha la chuma linalotunza mawimbi hayo ni kubwa, kwa kuwa wimbi lenyewe lina urefu wa kama sentimita 3. Mawimbi mengi yanazunguka patupu.

Utasema, si waongeze nguvu? Ukizidisha, elektroni hushiba na sauti yake hufifia.

Wataalamu wakaja na rezoneta ya daielektriki. Ni kipande cha kauri maalumu, au cha yakuti samawi, chenye tundu katikati. (Naam, yakuti kama ile ya bonde la Umba, Tanga, ila ya maabara hutengenezwa kiwandani.) Ndani ya jiwe hilo wimbi hufupika, kwa hiyo kifaa kidogo kinatosha kulishika. Uga wa umeme, unaochemsha maji, hubaki zaidi ndani ya jiwe. Uga wa sumaku, unaogusa elektroni, hukusanyika tunduni, pale pale lilipo tone.

Ni kama kusikiliza mtu anayenong'ona pale soko la samaki Bagamoyo. Kupiga kelele hakusaidii. Unasogea, unakinga kiganja sikioni.

Nisikudanganye, hiki si kipimo cha zahanati. Mashine zake bado ni za maabara. Lakini tukiongelea afya hapa Bongo, mara nyingi tunadai kitu kikubwa zaidi: jengo, mtambo, bajeti. Ni nani anayelipwa kukaa na swali dogo, la namna ya kulisogelea tone moja la damu ya mtoto? Fizikia ile iliyotukesha hosteli ina jibu. Kinachokosekana ni watu wetu wa kuendelea kuuliza.