Jiwe la Lwanda Magere Dukani Masara

"Mjomba, kwani enzi zenu kulikuwa na katuni za watu kugeuka?" Mpwa wangu aliuliza bila kuinua macho kwenye simu, ambako kijana wa Kijapani alikuwa akiota manyoya.

Zilikuwepo. Lwanda Magere, shujaa wa Waluo, nilimwona akigeuka jiwe hapa hapa Masara, katika duka lililokuwa kwenye njia ya machimbo. Mwenye duka alipima dhahabu kwa mizani ndogo, akauza sabuni ya mche, mafuta ya taa na omena. Vitabu vya katuni vya Pichadithi alivipanga karibu na ugoro, basi kila shujaa wetu alinuka tumbaku. Sisi tusio na pesa alituruhusu kusoma tukiwa tumesimama, mikono tumeinawa kwenye karai lake. Lakini ukilamba kidole ili kufunua ukurasa, umeshanunua, na mama yako ataletewa deni. Nimewahi kuingia maktaba kubwa zisizo na nidhamu hiyo.

Pichadithi ilianzishwa na Terry Hirst, Mwingereza yule wa jarida la *Joe*, alilolianzisha pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973. Kumbukumbu yangu inasema *Lwanda Magere* ilitufikia kabla ya njaa ya 1984. Dada yangu anashikilia kuwa ni baada. Yaishe.

Hadithi tuliijua kutoka kwa nyanya: mikuki haimwingii, mpaka mkewe wa Kinandi anagundua kwamba uhai wake umo katika kivuli chake. Kilichotushika ni kwamba ukifunua ukurasa, jiwe linabaki jiwe. Harudi. Na jiwe lenyewe liko Kano, unapanda basi ukaliguse. Nyamgondho naye, aliyemtukana mwanamke aliyemtajirisha, akageuka mti kule Nyandiwa, Gwassi, ng'ombe wake wakirudi ziwani. Kugeuka kulikuwa hukumu, na hukumu ilikuwa na anwani. Hao wa kwenye simu hugeuka asubuhi, wakapigana, na jioni wamerudi mezani kula wali. Nani ataogopa hapo?

Baadaye duka likafungwa, kikaja kibanda cha kuchaji simu. Frank Odoi, mchora katuni Mghana aliyelowea Nairobi, akaendeleza uchawi na mashujaa katika *Akokhan* mpaka ajali ya matatu ilipomuua mwaka 2012. Mpwa wangu hajawahi kulisikia jina lake, na shuleni kwao nadhani hata mwalimu hajalisikia.

Kabla ya hapo jarida la katuni la *Shujaaz* lilianza 2010, kwa Sheng, bure ndani ya gazeti. Shujaa wake, Boyie, ni kijana asiye na kazi anayejificha chumbani na kugeuka mtangazaji wa redio, na katikati ya vituko anakupa ushauri wa shamba. Mmoja ulikuwa kupaka vifaranga rangi ya waridi ili mwewe asiwatambue. Jirani yangu alijaribu. Mwewe walipungua kweli, ila kuku mama naye aliwakataa vifaranga siku nzima.